Kama chanjo ipo, kwa nini mnaiita utafiti?

Tarehe 30 Januari 2025 Wizara ya Afya ya Uganda ilitangaza kwamba Ebola imerudi, safari hii ndani ya Kampala yenyewe. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa muuguzi wa hospitali ya Mulago, na wakati wa tangazo alikuwa ameshafariki. Siku nne baadaye, Februari 3, watu waliokuwa karibu naye wakaanza kudungwa chanjo. Lakini chanjo hiyo haikutolewa kama zile za watoto kliniki. Ilitolewa ndani ya utafiti uliopewa jina Tokomeza, na hapo ndipo watu wengi walipochanganyikiwa. Kwenye stendi za teksi na makundi ya WhatsApp maswali yalikuwa mawili. La kwanza: kama chanjo ipo, si mtupe tu? La pili, lenye ukali zaidi: kama hamjui inafanya kazi, kwa nini mnaijaribu kwetu?

Yote mawili ni maswali ya haki, na hayajibiwi kwa kumwambia mtu awaamini wataalamu.

Tuyaweke maneno sawa kwanza. Utafiti wa tiba ni kazi ya kutafuta jibu ambalo bado halipo: ugonjwa huu unaletwa na nini, dawa hii inasaidia au inadhuru, chanjo hii inakinga kwa kiasi gani. Utafiti si huduma, ingawa mara nyingi hufanyika katika hospitali ileile na chini ya daktari yuleyule. Ukienda kituo cha afya na malaria, shabaha ni wewe upone. Ukiingia kwenye utafiti, shabaha ni jibu, na wewe unatunzwa wakati jibu linatafutwa. Jaribio la tiba ni utafiti ambamo watu wanapewa kitu, iwe dawa, chanjo au upasuaji, ili kuona matokeo yake. Kikundi cha kulinganisha ni wale wasiopewa kitu hicho kipya, au wanaokipata baadaye. Plasibo ni kidonge au sindano inayofanana na dawa lakini haina dawa ndani. Na ridhaa ni kukubali kwako baada ya kuelezwa ukaelewa. Saini pekee haitoshi.

Kuhusu Ebola yenyewe, liko jambo ambalo matangazo hayakulisema kwa sauti ya kutosha: chanjo iliyoidhinishwa mwaka 2019 ni ya virusi vya aina ya Zaire. Mlipuko wa Kampala ulikuwa wa aina ya Sudan, kama ule wa Mubende na Kassanda mwaka 2022. Virusi hivi ni ndugu, lakini kinga dhidi ya mmoja haimzuii mwingine. Chanjo ya aina ya Sudan ilikuwepo kwenye chupa, imeshapimwa kwa wanyama na kwa watu wachache wenye afya, ila hakuna aliyejua kama inamkinga mtu aliyekwisha kumgusa mgonjwa. Kwa hiyo kauli mbili zilizoonekana kugongana zote zilikuwa kweli. Chanjo ipo. Jibu halipo.

Sasa, kwa nini wasiwadunge watu wote kisha wakaona?

Chukua shamba la migomba. Kila mwenye shamba anajua migomba iliyo nyuma ya jiko huwa minene kuliko mingine, kwa sababu majivu, maganda na maji ya kuoshea vyombo humwagwa hapo kila siku. Tuseme ameletewa mbolea mpya. Akiimwaga kwenye migomba ya nyuma ya jiko kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, miezi kadhaa baadaye atavuna mikungu mikubwa na kuisifu mbolea. Akiimwaga kwenye migomba iliyodumaa kule juu kwenye mawe kwa sababu ndiyo inayohitaji msaada, ataona mikungu midogo na kuitukana. Mara zote mbili amedanganyika, na mbolea haikuhojiwa hata kidogo. Njia ya haki ni kufumba macho, kuokota migomba kwa bahati nasibu, nusu ya jikoni na nusu ya mawe, kuipa mbolea, na kuiacha mingine bila. Hapo tofauti ikitokea, mbolea itabaki peke yake kizimbani.

Hicho ndicho watafiti wanachokifanya wanapopiga kura nani apate nini. Kura si dharau kwa mgonjwa. Daktari akichagua mwenyewe, hata kwa moyo mwema kabisa, atawapa dawa mpya wale anaowahurumia zaidi au wale anaodhani watapona, na mwisho hatajua aliyeponya ni dawa au ni hali ya mgonjwa tangu mwanzo. Ndiyo sababu katika majaribio mengi daktari na mgonjwa wote wawili hawaambiwi nani kapata kipi mpaka mwisho. Macho yanayotarajia kitu hukiona hata kama hakipo.

Wengi husikia haya wakasema sawa, lakini daktari mzoefu si anajua? Ningependa kila mwenye wazo hilo asikie habari za dripu.

Kwa miaka mingi, mtoto akiletwa hospitali na homa kali, amelegea, anapumua kwa shida, mikono na miguu imepoa, kanuni ya dharura ilikuwa maji mengi, haraka, kupitia mshipani. Muuguzi hubonyeza ukucha wa mtoto mpaka uwe mweupe, kisha huuachia na kuhesabu. Rangi ikichelewa kurudi, damu haizunguki vizuri. Mtundike dripu, ifungue. Ndivyo vitabu vilivyosema, ndivyo ilivyofanyika katika hospitali za nchi tajiri, na hata mzazi aliyeketi pembeni aliona ni jambo la akili. Nani hajui kwamba dripu huokoa?

Mwaka 2009 watafiti walianza kulipima jambo hilo katika hospitali sita: Mulago, Mbale, Soroti na Lacor huku Uganda, Kilifi nchini Kenya na Muheza nchini Tanzania. Utafiti uliitwa FEAST na uliongozwa na Profesa Kathryn Maitland. Watoto wote walipewa matibabu ya kawaida: dawa ya malaria au antibiotiki, damu kwa aliyepungukiwa, na maji ya polepole ya kuushikilia mwili. Tofauti ilikuwa moja tu. Kwa kura iliyofichwa ndani ya bahasha, baadhi yao waliongezewa maji ya haraka, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa moja. Kwa mtoto wa kilo 10 hiyo ni mililita 200 hadi 400, yaani glasi moja ndogo hadi mbili hivi. Wengine hawakuongezewa.

Kulikuwa na madaktari walioona vibaya kwamba watoto wengine wanyimwe maji ya haraka, na huwezi kuwalaumu. Tena ndani ya saa ya kwanza, waliopewa maji mengi walionekana kupata nafuu zaidi: mikono ilipata joto, ukucha ulirudisha rangi. Ungekuwa wodini ungeapa kwamba dripu inafanya kazi.

Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikichungulia hesabu iliamuru utafiti usimame kabla ya kufikia idadi iliyopangwa. Watoto 3,141 walikuwa wameshaingia. Kati ya wale wasiopewa maji ya haraka, asilimia 7.3 walifariki ndani ya saa 48. Kati ya waliopewa, ilikuwa asilimia 10.5 kwa aina moja ya maji na 10.6 kwa aina nyingine. Maana yake ni kwamba katika kila watoto mia waliotundikiwa dripu ya haraka, watatu zaidi walikufa. Kitu ambacho dunia nzima ya madaktari ilikiita uokoaji kilikuwa kinaua, na hakuna wodi hata moja ambayo ingeligundua hilo kwa macho, kwa sababu watatu katika mia hawaonekani. Muuguzi wa zamu anamwona mtoto huyu amepona na yule amekufa, na katika wodi ya watoto mahututi yote mawili hutokea kila wiki.

(Nisieleweke vibaya. Utafiti huo haukuwahusu watoto wanaoharisha na kutapika hadi kukaukiwa maji. Hao waliwekwa kando tangu mwanzo, na bado wanahitaji maji haraka. Usiende kumkatalia daktari dripu kwa sababu umesoma makala.)

Hapo ndipo mimi naona neno "panya" linapogeuka. Watu husema tunafanywa panya wa maabara. Lakini kabla ya FEAST, ni watoto wangapi walipewa maji yale bila bahasha, bila kamati, bila mtu wa kuhesabu? Hilo nalo lilikuwa jaribio, ila halikuwa na daftari.

Tuje kwenye plasibo, maana ndiyo inayokera zaidi. Mtu anafikiri: mimi naumwa, mwenzangu anapewa dawa, mimi napewa unga. Kwa magonjwa mengi makubwa hilo halitokei, kwa sababu kanuni ya maadili ni kwamba kama tiba inayofanya kazi inajulikana, kikundi cha kulinganisha kinapaswa kupewa hiyo. Plasibo hutumika pale ambapo bado hakuna tiba iliyothibitishwa, au inapoongezwa juu ya tiba ya kawaida ambayo kila mtu anaipata.

Mfano wa hapa nyumbani: Novemba 1997 ulianza Mulago utafiti wa nevirapini, dawa ya kuzuia mama asimwambukize mtoto virusi vya Ukimwi wakati wa kujifungua. Mwanzoni kilikuwepo kikundi cha plasibo, kwa kuwa nchi kama yetu haikuwa na tiba yoyote iliyothibitishwa ambayo ingeweza kuitumia. Februari 1998 matokeo kutoka Thailand yalionyesha kwamba dawa nyingine, AZT, ikitolewa kwa muda mfupi inapunguza maambukizi. Kikundi cha plasibo kikafutwa mara moja, na ulinganisho ukawa kati ya nevirapini na AZT. Watoto walipofika wiki 14 hadi 16, asilimia 13.1 ya wa upande wa nevirapini walikuwa wameambukizwa, dhidi ya 25.1 wa upande wa AZT. Dozi moja kwa mama, dozi moja kwa mtoto. Wako vijana Uganda leo, wengine wana watoto wao, waliozaliwa salama kwa sababu ya hesabu hiyo.

Mfano mpya zaidi ni sindano ya lenacapavir, ambayo hudungwa mara mbili kwa mwaka kumkinga mtu asiambukizwe virusi vya Ukimwi. Ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25 nchini Afrika Kusini na Uganda. Waliopangiwa sindano walikuwa 2,134. Wengine walipangiwa vidonge vya kila siku: aina moja iliyokwisha kuthibitishwa kwa kinga hiyo, na aina nyingine iliyokuwa nayo inapimwa. Hakuna kikundi kilichopangiwa utupu pekee. Plasibo ilikuwepo, lakini kazi yake ilikuwa kuficha: wa sindano walipewa pia vidonge visivyo na dawa, na wa vidonge wakapewa sindano isiyo na dawa, ili kila mmoja awe na vyote viwili asijue kipi ndicho. Matokeo yalitangazwa 2024. Upande wa sindano hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Upande wa vidonge vilivyothibitishwa, waliambukizwa 16 kati ya 1,068, si kwa sababu dawa ni mbovu, bali kidonge cha kila siku ni kazi ngumu kwa msichana anayeishi na shangazi mwenye maswali mengi.

Iko pia njia ya kusubirishana. Wilayani Rakai, wanaume karibu 5,000 waliingia kwenye utafiti wa tohara na maambukizi ya Ukimwi. Nusu walitahiriwa mara moja, nusu waliahidiwa kutahiriwa baada ya miaka miwili. Desemba 2006 tofauti ilikuwa imeshajitokeza: maambukizi yalipungua kwa karibu nusu kwa waliotahiriwa, utafiti ukasitishwa na waliokuwa wakisubiri wakapewa nafasi yao. Ebola nayo iliwahi kupimwa hivyo nchini Guinea mwaka 2015. Kila mgonjwa alizungushiwa mduara wa watu waliomgusa na waliowagusa hao, kisha kura ikaamua mduara upi uchanjwe leo na upi baada ya siku 21. Kwenye miduara iliyochanjwa leo, kuanzia siku ya kumi hakuna aliyechanjwa aliyeugua. Kwenye iliyosubiri, wagonjwa waliendelea kutokea. Mara matokeo ya awali yalipopatikana, kusubiri kukafutwa. Hivyo ndivyo ile chanjo ya aina ya Zaire ilivyopata ushahidi wake.

Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini Kampala ilikimbia ndani ya siku nne. Mwaka 2022 mlipuko ulitangazwa Septemba 20, na dozi za kwanza za chanjo ya majaribio zikatua Entebbe Desemba 8. Mgonjwa wa mwisho alikuwa ametoka hospitali Novemba 30. Wagonjwa waliothibitishwa 142, vifo 55, na jibu sifuri, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kukingwa tena. Safari ya 2025 chanjo zilikuwa tayari zimehifadhiwa nchini na karatasi zimeandaliwa mapema. Lakini hata haraka ina bei yake ya ajabu: mlipuko ulizimwa upesi na kutangazwa umekwisha Aprili 26, ukiwa na wagonjwa 12 waliothibitishwa na wawili waliodhaniwa. Ni habari njema kwa kila mtu, ila idadi hiyo ni ndogo mno kuipima chanjo kwa uhakika.

Kabla dawa haijafika kwenye majaribio ya maelfu, hupitia ngazi. Kwanza maabara na wanyama. Kisha hatua ya kwanza, watu wachache wenye afya, swali likiwa usalama tu. Jaribio la kwanza kabisa la chanjo ya Ukimwi barani Afrika lilifanyika Kampala mwaka 1999, na watu waliojitolea walikuwa 40. Hatua ya pili ni mamia, hatua ya tatu ni maelfu, na ya nne ni kuendelea kuangalia dawa ikiwa imeshaingia madukani. Nyingi huanguka njiani. Mwaka 2023 jaribio la chanjo za Ukimwi lililohusisha Masaka, pamoja na vituo vya Tanzania na Afrika Kusini, lilisimamishwa udungaji baada ya kamati huru kuona hakuna dalili kwamba zitakinga. Magazeti huandika "yashindwa". Kwangu mimi, chanjo ndiyo iliyoshindwa. Utafiti ulifanya kazi yake.

Nani anachunga haya yote? Hapa Uganda utafiti wa watu haupaswi kuanza bila kamati ya maadili kuupitia na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia kuuandikisha. Ukihusu dawa au chanjo, Mamlaka ya Taifa ya Dawa nayo lazima iruhusu. Juu ya hapo huwepo kamati huru ya kuangalia takwimu, ile iliyosimamisha FEAST. Lakini kwa mshiriki, ulinzi anaouona kwa macho ni chumba kidogo chenye meza, viti vitatu na fungu la karatasi.

Karatasi zinaweza kufika kumi na zaidi, na zinapaswa kuwa kwa lugha yako, iwe Kiganda, Kiateso, Kiluo au Kiswahili. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi ambaye si mfanyakazi wa utafiti, kisha huweka dole gumba na shahidi akasaini. Pazuri zaidi, muuguzi hakuulizi tu "umeelewa?", kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo. Anasema, "Mama, hebu nieleze wewe, kwa maneno yako, ukitaka kuacha katikati itakuwaje?" Na mama akijibu, "Musawo (yaani daktari), si mtaninyima dawa zangu za kawaida?", basi kalamu inawekwa chini na maelezo yanaanza upya. Jibu sahihi ni kwamba unaweza kuacha siku yoyote bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida hayaguswi. Mtu ambaye hajaelewa hilo hajatoa ridhaa, hata kama amesaini kila ukurasa.

Kwenye dharura, kama ya watoto wa FEAST, hakuna muda wa kurasa kumi mtoto akiwa anakata roho. Mzazi alielezwa kwa ufupi na kuulizwa kama anakubali au anakataa, na maelezo kamili yakafuata hali ilipotulia. Utaratibu huo uliidhinishwa na kamati za maadili kabla. Kuna wanaoona haukutosha, na mimi siwezi kuwaambia wamekosea, ila sijasikia njia bora zaidi ya kuchunguza tiba ya dakika za kwanza.

Pesa? Utapewa nauli na fidia ya muda wako, kiasi ambacho kamati imekiidhinisha. Si mshahara, na haipaswi kuwa kubwa hadi ikufumbe macho. Damu? Hii ndiyo hofu ya zamani zaidi. Kipimo cha kawaida ni mililita 10 hivi, vijiko viwili vya chai. Hakuna soko la vijiko viwili vya chai vya damu yako. Swali lenye maana ni jingine: sampuli itahifadhiwa kwa muda gani, itapelekwa nje au hapana, na itatumika kwa utafiti mwingine usioujua? Kupeleka sampuli nje ya nchi kunahitaji mkataba na kibali, na fomu inapaswa kukupa nafasi ya kukubali au kukataa kuhifadhiwa kwake. Watu wengi huipita sehemu hiyo mbiombio. Isome.

Mpaka hapa nimezungumzia tiba. Kutafuta chanzo cha ugonjwa ni kazi ya namna nyingine, kwa sababu huwezi kupiga kura nani aambukizwe. Kaskazini, katika wilaya za Kitgum, Pader na Lamwo, watoto walianza kutikisa vichwa, wengine mara tu wanapoona chakula, kisha kifafa, kudumaa na akili kufifia. Familia zilikuwa zimetoka kwenye kambi za vita, na kila mtu alikuwa na maelezo yake: sumu ya mabomu, chakula cha msaada, roho za waliouawa. Walichofanya watafiti ni kuwalinganisha watoto wagonjwa na wazima wa vijiji vilevile. Wote walipitia vita, wote walikula chakula cha msaada. Kilichojitokeza zaidi kwa wagonjwa ni minyoo ya usubi, ile inayoenezwa na inzi weusi wa kando ya mito iendayo kasi na kuleta upofu.

Lakini kuonekana pamoja si kusababisha. Pengine mtoto mgonjwa ndiye anayeachwa nje na kuumwa zaidi na inzi. Ushahidi ulipata uzito mambo mengine yalipojipanga: kuanzia 2012 mito ilinyunyiziwa dawa ya kuua inzi na watu wakapewa ivermectini, dawa ya minyoo, mara mbili kwa mwaka, na baada ya hapo taarifa za wagonjwa wapya zikakatika. Namna mnyoo unavyouathiri ubongo bado inabishaniwa. Dhana moja ni kwamba kinga ya mwili inayoupiga mnyoo hukosea na kupiga seli za ubongo. Hapo utaona kwa nini mtafiti mwaminifu husema "inahusishwa na" na mwandishi wa habari huandika "yasababishwa na". Maneno hayo mawili yana umbali wa miaka mingi ya kazi.

Na dawa za mitishamba je? Juni 2021, wimbi la pili la Korona likiwa juu, Mamlaka ya Dawa iliruhusu Covidex, iliyotengenezwa na Profesa Patrick Ogwang wa Chuo Kikuu cha Mbarara, kama dawa ya kusaidia matibabu. Mitaani ruhusa hiyo ilisomwa kuwa ni tiba iliyothibitishwa. Mamlaka haikusema hivyo. Na wale wanaosema "jirani yangu aliinywa akapona" wanasema kweli tupu, ila wengi wa waliougua Korona walipona, walioinywa na wasioinywa. Ushuhuda wa jirani ni mgomba wa nyuma ya jiko. Hilo si tusi kwa mitishamba: dawa iliyomo ndani ya Coartem, vidonge vya malaria tunavyomeza kila mvua ikinyesha, inatokana na artemisinini, iliyotoka kwenye mmea uliojulikana na waganga wa China kwa karne nyingi, na mwanasayansi wa huko, Tu Youyou, akapata tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuitoa kwenye mmea huo na kuipitisha kwenye vipimo. Mitishamba ikipimwa kwa haki hushinda au hushindwa kama dawa nyingine yoyote.

Manung'uniko ambayo mimi nayaona na uzito ni yale ya baada ya jaribio. Wasichana wa Uganda walitoa miili yao ili ijulikane kwamba lenacapavir inakinga. Marekani iliiidhinisha Juni 2025, na huko bei yake ilitangazwa kuwa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Mtengenezaji ametoa leseni kwa viwanda sita kuitengeneza kwa ajili ya nchi 120, na bei ya dola 40 kwa mwaka imeahidiwa kuanzia 2027. Dola 40 ni jambo linalowezekana. Ila kati ya matokeo ya 2024 na mwaka huo wa 2027 kuna miaka mitatu, na virusi havisubiri leseni.

Kwa hiyo mtu akikualika kwenye utafiti, usianze na swali la panya. Uliza mimi nikiwa kikundi cha kulinganisha nitapata nini. Uliza nikidhurika nani atanitibu na kwa gharama ya nani. Uliza dawa ikifaulu nitaipata lini, na kijiji changu je. Kisha fungua sehemu ya mawasiliano ya ile fomu: panapaswa kuwa na namba ya simu ya mtafiti mkuu, na namba nyingine tofauti ya mwenyekiti wa kamati ya maadili, unayeweza kumpigia bila mtafiti kujua. Zijaribu zote mbili kabla hujaweka dole.